Ufunguo Uliolala Goma

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na moja, na huo ndio mwaka shida ilipoingia kwetu ikavua viatu. Baba alikuwa mpasua mbao kule Masisi, upande wa Kongo. Mti ukamwangukia. Mama akanitoa darasa la tatu, akanitwika kapu la ndizi, akaniambia niende sokoni na nisirudi nalo likiwa na kitu. Tangu siku hiyo sijakaa kwenye dawati. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na waliotaka kunisahihishia nimewaambia wakaandike ya kwao.

Naandika kwa sababu nina hasira. Wengine wakifika umri wangu wanaandika kumshukuru Mungu. Mimi nimeshamshukuru, tulimalizana kanisani. Hii ni habari ya watu waliokuja kutuunganisha.

Tulirudi Rwanda, walikotoka wazazi wetu, baada ya vita, mimi na mume wangu, tukashukia Gisenyi kwa sababu lori ndipo lilipoishia. Yeye hakuishi sana. Nikabaki Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, na watoto na kichwa changu, na kichwa kilikuwa cha kubebea. Nilibeba karoti, nikabeba kabichi, nikabeba viazi, nikavuka kwa Petite Barrière, pale wanapopita watu wa miguu, nikauza Goma, upande wa Kongo, nikarudi. Ukiniambia pale ni nchi nyingine nitakuitikia kwa adabu, maana kuna askari na mihuri. Lakini Goma inakula viazi vyetu, na vyungu vya Gisenyi vinakaanga kwa mawese yao, na ilikuwa hivyo kabla hujazaliwa wewe unayesoma.

Pale mpakani ndipo nilipompata mwenzangu. Mwanamke wa Goma, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Siku ya kwanza gunia langu liliangukia dumu lake la mawese. Akanitukana kwa lugha ya kwao, nikamtukana kwa Kinyarwanda. Tukaona hatuelewani, tukahamia Kiswahili ili matusi yafike. Yakafika. Watu wakatuzunguka wakitegemea tutashikana nywele, sisi tukaanza kucheka, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumepakaa mawese mpaka magotini.

Nilipopata nguvu nilijenga depo, ghala la kuwekea mizigo, hapo hapo Mbugangari, kwa mawe ya volkano na mabati niliyonunua moja moja. Yeye alikuwa na depo yake Birere, hatua chache ukishavuka. Viazi vilikaa kwangu, mawese na unga wa mihogo vilikaa kwake. Wanawake wengine wakaanza kuweka magunia yao kwetu, wa huku na wa kule, na hakuna aliyeulizwa kitambulisho.

Sasa nieleze jambo la ufunguo, maana bila hilo hutaelewa kwa nini damu yangu inachemka.

Mimi nilikuwa na kaka. Kila akipitiwa na shida zake alikuja kusimama mlangoni: dada, nifungulie gunia moja, nitarudisha. Mwenzangu yeye alikuwa na mume mwenye kiu. Na ndugu humnyimi akiwa amesimama mbele yako huku funguo zinalia mfukoni. Siku moja mwenzangu akaniambia, "Nipe ufunguo yako, mi nikupe yangu. Bakikuuliza, sema ufunguo iko Goma. Hautasema uongo."

Tukabadilishana. Ufunguo wa depo yangu ukawa unalala Goma, nyumbani kwake. Ufunguo wa depo yake ukawa unalala kwangu. Asubuhi mpaka ukifunguliwa, yeye alikuja Mbugangari, akanifungulia mlango wangu mwenyewe, tukatoa viazi. Kisha tukavuka pamoja, mimi nikamfungulia wake, tukatoa mawese. Jioni kila mtu alibana kufuli lake, maana kubana hakuhitaji ufunguo. Kaka yangu alikuja mara mbili akanikuta mikono mitupu, hakurudi. Mume wa kule alipekua nyumba yote, akapata ufunguo wa Rwanda, akaketi akalia.

Miaka mingi tuliishi hivyo. Kila mpaka wa nchi ulipofungwa, mara kwa ugonjwa, mara kwa bunduki, viazi vyangu vilioza ndani na mimi niko nje nanusa. Nyundo ilikuwepo. Sikuvunja. Unga wake ulijaa wadudu, naye hakuvunja. Majirani walituita wajinga, na jina hilo tulilibeba bila kuumwa shingo. Nikipata viazi vingine nitakula. Mtu ambaye naweza kumwachia mlango wangu akalala nao nchi nyingine, huyo nitamtoa wapi?

Pale mpakani watu walitutania kuwa tumeolewa na depo moja, na sisi tukaupenda utani huo. Kila asubuhi akifika alipaza sauti barabara nzima isikie: "Mukewenza! Bwana yetu ameamuka namna gani?" Nami nilimjibu, "Anakohoa. Kichwa kinavuja." Kwa sababu paa lilivuja kweli. Mabati yangu yalikuwa ya zamani, na mvua ya Gisenyi haina huruma kwa viazi.

Paa hilo ndilo lililouleta mradi.

Aliyekuja alikuwa Mnyarwanda mwenzangu aliyekulia Uganda, bwana wa miaka arobaini hivi, mwenye kizibao cha mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera zaidi, ningependa awe mbaya. Alinieleza kwamba kuna pesa imetoka mbali sana kwa ajili ya kuunganisha wanawake wa mpakani. Nikamwambia pesa imechelewa, tumeshaungana. Akaandika kitu, akaendelea kama vile nimemwambia habari za asubuhi. Tungepata paa jipya, sakafu ya saruji, taa za jua na mzani. Lakini kwanza lazima tuhudhurie mafunzo ya umoja.

Mafunzo yalifanyika kwenye hoteli moja ya ziwani, mahali ambapo mimi hupita nyuma kupeleka karoti. Mlangoni tukavishwa kadi shingoni. Wanyarwanda kamba ya kijani, Wakongomani kamba ya bluu. Kijani meza za kulia, bluu meza za kushoto. Mwenzangu alitaka kuketi karibu nami, binti mmoja akamshika mkono kwa tabasamu akamrudisha kwake. Wanawake waliokuwa wamekula sahani moja tangu ujana wakawa wanapungiana mikono kama watu walioachana kwenye stesheni.

Halafu mfundishaji akatuuliza tuseme kitu gani kinatuudhi kwa watu wa upande wa pili. Tukachezea kamba za kadi. Akasema msiogope, hapa ni mahali salama. Tukaangaliana. Sisi tunaudhiana kila siku, lakini kwa jina la mtu: fulani ana mdomo, fulani anachelewa. Hatukuwa na udhia wa upande. Basi kwa kuwa ameomba, na kwa kuwa soda zilikuwa mezani na ni aibu kunywa soda ya mtu usimpe anachokitaka, mmoja akasema Wakongomani wanasukumana. Mwingine wa bluu akajibu kwamba Wanyarwanda wana siri. Mfundishaji alifurahi kama aliyeokota samaki barabarani. Akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Kufika jioni karatasi zilikuwa nne, zimejaa. Tulirudi nyumbani kila mtu na maneno ambayo asubuhi hakuwa nayo, na wiki ile ile mpakani nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Si mulisema sisi tunasukuma? Bon, leo nasukuma."

Kisha bwana wa mradi akarudi kusema lazima tuwe vyama viwili, cha Rwanda na cha Kongo, kila kimoja na rais wake. Nikamwuliza kwa nini viwili. Akasema ili vitie saini makubaliano ya ushirikiano. Nikamwambia sisi tuna upande mmoja, tusaini na nani? Akajikuna. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wafadhili hawawezi kulipia upande mmoja.

Nilitaka kumfukuza siku hiyo. Mwenzangu ndiye aliyenituliza. "Acha bakuite présidente. Bakuite hata papa. Sisi tunangoja bati." Naye alikuwa na haki, viazi vilikuwa vinalowa. Basi nikawa rais. Upande wa Kongo walitaka mtu anayejua Kifaransa, wakamchagua mwanamke ambaye hakuwa na hata kitunguu ndani ya depo. Mwenzangu hawakumchagua kwa lolote. Alisema hajali. Aliponiambia hajali alikuwa anafunga tena kitenge chake kiunoni, na kitenge hakikuwa kimelegea.

Ikafika siku ya uzinduzi.

Walikuja wageni. Mzungu mmoja mwanamke, mrefu, mwenye kofia. Wakubwa wawili watatu wa Kiafrika kutoka miji mikuu, nchi mbalimbali, suti nzuri. Magari yao yalipita Grande Barrière, ile ya upande wa ziwa, vioo juu, wakaenda kuona Birere kwa nusu saa wakarudi. Mabati mapya yalikuwa tayari mbele ya depo, juu ya lori. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na kibao kikubwa chenye picha ya mikono miwili inashikana. Mkono mmoja ulikuwa wa kijani, mwingine wa bluu.

Mpango ulikuwa mlango ufunguliwe, mgeni aingie, apigwe picha na viazi. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa Goma. Mimi sikuwa na wasiwasi, nilijua mwenzangu anakuja kama kila asubuhi. Nisichojua ni kwamba kwa usalama wa wageni walikuwa wameifunga Petite Barrière. Wanawake mamia walikuwa wamesimama kule juani na mizigo, na mwenzangu katikati yao, ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge.

Bwana wa mradi akaja mbio. "Mama, ufunguo uko wapi?"

"Uko Goma."

Akadhani nimeusahau kule. Nikamweleza mambo yalivyo, kwa Kinyarwanda, taratibu, kuanzia kaka yangu hadi mume mwenye kiu. Akanisikiliza akitazama saa. Kisha akageuka kuwaeleza wageni kwa Kiingereza, na sikuhitaji Kiingereza kujua kwamba alichowaambia ni kichekesho, maana walicheka. Bikizee ameacha ufunguo wa nyumba yake nchi nyingine. Hata wale wenye suti walicheka.

Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Akaitwa na mashine yake ya kukatia. Nikasimama mlangoni. Sikupiga kelele, mimi si mtu wa kelele. Nikasema mlango huu haufunguliwi mpaka mwenye ufunguo afike, na kama mna haraka, tumeni mtu akafungue mpaka wenu mlioufunga. Bwana wa mradi akanishika kiwiko, akaongea chini chini, jasho linamtoka.

"Mama, ni kufuli tu. Nitakununulia kumi."

Mkubwa mmoja wa mtaa akanivuta pembeni, akaniambia nisiiaibishe nchi mbele ya wageni. Hilo neno linajua kunyamazisha watu kwetu. Nikiwa pembeni pale, mikono ya mtu begani mwangu, nikaona cheche zinaruka. Kufuli likaanguka. Watu wakapiga makofi.

Halafu hotuba. Mmoja wa wale wenye suti alisema Afrika ni moja. Akasema mipaka hii ilichorwa na wageni kwa rula, na sisi tusiitambue moyoni. Alisema vizuri, sikatai, ana sauti. Alisema hayo amesimama juu ya kufuli letu lililokatwa, anakunywa maji ya chupa yaliyonunuliwa na hao hao wenye rula, saa ile ile ambayo mpaka umefungwa kwa ajili yake. Akamshukuru mgeni mwenye kofia kwa kutuletea umoja. Mara tatu alishukuru. Nilimtazama yule Mzungu, na nataka niseme haki: yeye hakukata kitu. Aliyekata ni jirani yangu, ninayemuuzia viazi kwa bei ya chini. Aliyeamuru ni ndugu yangu wa kizibao. Aliyenishika bega ni mkubwa wa mtaa wangu. Mgeni alileta pesa na akapiga makofi, mengine yote tulijifanyia wenyewe. Nikiwasikia wakubwa wetu redioni wakilaumu watu wa nje asubuhi na kwenda kuwaomba nauli ya mkutano mchana, ninakizima hicho kiredio. Umoja gani unaoombewa chai?

Magari yalipoondoka, mpaka ukafunguliwa. Mwenzangu akafika, amelowa jasho, miguu imejaa vumbi jeusi. Hakuita barabarani. Aliona mlango, akaona kufuli chini limefunua meno. Akafungua ncha ya kitenge akautoa ufunguo, akauweka kiganjani.

"Mi niko na ufunguo mukononi, na mulango iko wazi," akasema. "Sasa nifungue nini?"

Nikamwambia wamekata wao. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa hapa.

"Ulikuwa hapa, unaangalia?"

"Walinivuta."

"Walikuvuta, madame présidente." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Leta ufunguo yangu."

Nilimpa. Ningefanya nini? Ulikuwa wake. Akautia mahali wangu ulipokuwa umefungwa, na wangu, ambao haukuwa na kazi tena, akauacha juu ya gunia. Akachukua magunia yake, na wanawake wote wa Goma wakachukua yao, na kijani tukabaki peke yetu katika depo ya umoja.

Asubuhi niliking'oa kibao kwa mikono yangu, nikakipeleka ofisini kwa mradi juu ya pikipiki, pamoja na kadi, kamba na kufuli jipya walilokuwa wamenipa. Kufuli lilikuwa zuri, la Ulaya, zito. Nikaviweka mezani. Bwana wa kizibao aliniuliza kama nimeelewa ninachofanya, kwamba mabati hayajapigwa bado. Nikamjibu nimeelewa kuliko yeye. Mchana lori likaja kuyachukua mabati. Wanawake wa kwetu walinisema vibaya, nami siwalaumu, mvua iliwanyeshea wao pia. Mmoja aliniambia usoni kwamba kiburi changu hakiwezi kuezeka nyumba. Nikamwambia ni kweli, na bado sikitoi.

Kisha nikavuka kwenda Birere. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya depo yake, yeye akauza kana kwamba mimi ni gunia. Aliuzia watu wote waliokuja, akawapunguzia hata wasioomba. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniletea chai, akaiweka chini karibu na mguu wangu badala ya kunipa mkononi. Nikainywa.

"Ile tableau yao iko wapi?" akaniuliza hatimaye.

Nikamwambia kibao nimekirudisha.

"Na bati?"

"Wamechukua."

Akatingisha kichwa. "Mujinga," akasema. "Mujinga mukubwa sana." Akaenda kumpimia mtu mawese.

Mwezi mzima ukapita. Mlango wangu nilikuwa naufunga kwa waya. Asubuhi moja, mvua inanyesha, nikamwona anapanda barabara ya Mbugangari na mfuko wa plastiki kichwani. Hakuita mukewenza. Akatoa kufuli alilonunua mwenyewe Birere, la Kichina, jepesi, akafungua waya wangu akautupa, akalibana kufuli mlangoni, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika. Ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge.

Nikangoja anipe na wa kwake. Hakunipa. Nikamwuliza.

"Yangu nitaangalia kwanza," akasema.

Mpaka leo anaangalia. Anakuja asubuhi ananifungulia. Tunavuka pamoja, na tukifika Birere anajifungulia mwenyewe, mimi nasimama nyuma yake na mikono mitupu. Wale wa Goma wengine wachache wamerudi, wengi hawajarudi. Nasikia mradi ule umehamia mpaka mwingine, na nasikia picha ya mlango wangu iko kwenye kitabu chao cha karatasi nzuri, mlango uko wazi na watu wanacheka. Wakija tena kwangu wakute nimekufa, watoto wangu nimeshawaambia la kufanya.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Mbugangari, ya mawe, imelipwa. Kiwanja kimoja upande wa Rugerero. Ng'ombe wawili walioko kwa mtu, mmoja ana mimba. Mikokoteni miwili. Depo moja ambayo sina ufunguo wake. Mabati mapya ishirini juu yake, niliyonunua mimi, moja moja kama yale ya kwanza, na mengine kumi bado sijayanunua, upande wa mashariki unavuja.